San Francisco iliisamehe Twitter ushuru. Twende tuone kilichobaki

Binamu yangu alimaliza digrii ya kompyuta miaka miwili iliyopita. Tangu hapo ameuza simu, ameendesha bodaboda ya rafiki yake usiku, na sasa anafanya vibarua vya mtandaoni vya kuandika maneno ya video za watu, kwa malipo ambayo ukiyagawa kwa saa unaweza kulia. Jumapili iliyopita tulikuwa kwa shosho, chapo ziko mezani, na kwenye redio mwanasiasa mmoja akawa anaahidi kwamba kampuni kubwa za teknolojia zitahamia kaunti yetu tukizipa miaka kumi bila ushuru. Mimi nikacheka. Binamu hakucheka.

"Wapewe hata ishirini," akasema. "Wewe una kazi. Mimi natafuta."

Sikumjibu, kwa sababu kila jibu lililonijia lilikuwa la mtu aliyeshiba. Lakini nilirudi nyumbani na hiyo maneno kichwani, na kitu nilichokumbuka ni jengo moja kule Marekani, jijini San Francisco, barabara ya Market, nambari 1355. Mimi pia nimeliona kwa picha tu. Ila historia yake nimeifuatilia miaka mingi, kwa sababu ndilo jengo ambalo kampuni iliyotufundisha kutukanana hadharani ilikuwa inaishi. Naongelea Twitter. Binamu, hii ni yako, na ni ya kila mtu ambaye amewahi kuambiwa "tuwaondolee ushuru, kazi zitakuja."

Jengo lenyewe lilifunguliwa 1937 kama soko la jumla la fanicha. Wenye maduka walikuwa wanakuja kutoka sehemu nyingi za magharibi mwa Marekani kuchagua vitanda na makochi. Miaka ikapita, biashara hiyo ikaisha nguvu, na jengo likabaki limesimama kwenye barabara iliyochoka. Sehemu hiyo inaitwa Mid-Market. Zamani ilikuwa barabara ya sinema na kumbi za maonyesho. Kufikia 2010 milango mingi ilikuwa imefungwa. Nyuma yake tu kuna mtaa wa Tenderloin, mmoja wa mitaa maskini zaidi jijini, wenye hoteli kuukuu ambazo watu hukodi chumba kimoja kwa wiki au kwa mwezi na kushiriki choo. Fikiria River Road, lakini wanunuzi wamehama na nusu ya maduka yana kufuli.

Mwanzo wa 2011 Marekani ilikuwa bado inajiokota kutoka kwenye mporomoko wa 2008. San Francisco, karibu asilimia 9 ya watu waliotaka kazi hawakuwa nayo. Mwezi huo wa Januari meya wao aliondoka kwenda kuwa naibu gavana wa jimbo la California, na baraza la jiji likamteua Ed Lee amalizie muhula. Mshike huyo jina. Lee alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka China, mwanasheria, na ujana wake aliutumia kuwatetea wapangaji wa mtaa wa Chinatown. Yaani kama kuna meya aliyejua kodi ya nyumba inavyoweza kummaliza mtu, ni huyo.

Hata kiti hakijapata joto, Twitter ikabisha hodi. Kampuni ilikuwa na miaka mitano, wafanyakazi mia chache, na ilikuwa inakua kama mtoto wa darasa la nane. Ilihitaji ofisi kubwa. Na ikasema wazi kwamba inafikiria kuhamia Brisbane, kamji kadogo kusini tu mwa San Francisco, kenye watu kama elfu nne. Sababu: ushuru.

Hapa lazima nieleze kidogo, vumilieni. San Francisco ilikuwa inatoza kampuni ushuru wa asilimia 1.5 juu ya jumla ya mishahara inayolipa. Si ile PAYE inayokatwa kwa payslipu yako. Huu ulikuwa unalipwa na mwajiri mwenyewe, juu ya mshahara wako. Ukilipa watu mishahara ya dola milioni 10 kwa mwaka, unapeleka dola 150,000 kwa jiji. Biashara ndogo, ambazo mishahara yake haikufika dola 250,000 kwa mwaka, ziliachwa. Na kwa kampuni changa za teknolojia kulikuwa na mwiba mwingine: hisa unazowapa wafanyakazi zilihesabiwa kama mshahara. Kwa hivyo siku kampuni ikiingia soko la hisa na wafanyakazi wapate pesa, jiji nalo linanyoosha mkono, na bili inaweza kuwa ya kutisha.

Tukubaliane, huo ulikuwa ushuru wa ajabu. Ukiajiri mtu mmoja zaidi unalipa zaidi. Ukifukuza watu unalipa kidogo. Ni kama faini ya kuajiri. Kwa hivyo Twitter ilipolalamika, haikuwa inalalamika bure, na ningependa kila anayepiga kelele kuhusu kampuni kubwa akumbuke hilo kabla hajaendelea.

Lee angeweza kubadilisha ushuru kwa kila mtu. Badala yake jiji lilichora ramani. Diwani wa eneo hilo, Jane Kim, akapeleka mswada: kampuni yoyote ambayo ofisi yake iko ndani ya hii mistari ya Mid-Market na Tenderloin isilipe ushuru wa mishahara kwa kazi mpya inazoongeza, kwa miaka sita. Aprili 2011 baraza likapiga kura, 8 kwa 3. Ukapita. Kwenye karatasi ilikuwa ni sheria ya eneo zima. Mtaani kila mtu aliiita ushuru wa Twitter, na jina hilo halikutoka tena.

Waliopinga walikuwa na wasiwasi ambao hata mama mboga angekuelewesha kwa dakika mbili: ukimpunguzia bei mteja mmoja kwa sababu ametishia kwenda kwa jirani, kesho foleni nzima itatishia.

Kulikuwa na sharti moja. Kampuni yenye mishahara inayopita dola milioni moja kwa mwaka ilipaswa kuandikiana na jiji mkataba wa kusaidia mtaa. Nitarudi hapo, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipotelea.

Juni 2012 Twitter wakaingia kwenye jengo la fanicha. Zendesk walishakuwa jirani hapo Market, na Yammer nao wakaja. Novemba 2013 Twitter ikaingia soko la hisa na watu wakawa mamilionea kabla ya chakula cha mchana. Vyuma vya ujenzi vikasimama kila kona. Ukosefu wa kazi jijini ulishuka mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2019 ulikuwa chini ya asilimia 3. Ed Lee alikuwa ameshachaguliwa kwa kura za wananchi Novemba 2011, akachaguliwa tena 2015.

Binamu angesimamia hapo. Angesema, si unaona? Walisamehe ushuru, kazi zikaja.

Sasa subiri. Katika miaka hiyo hiyo, mitaa mingine ya San Francisco, nje ya ile mistari, kampuni za teknolojia zilikuwa zinafunguka na kuongeza watu bila msamaha wowote. Salesforce ilikuwa inakua kwa kasi katikati ya jiji na haikuwa ndani ya ramani. Simu janja zilikuwa zimeingia mifukoni mwa dunia nzima, pesa za wawekezaji zilikuwa zinatafuta mahali pa kukaa, na vyuo vikuu vya Stanford na Berkeley viko pale pale. Mvua ilikuwa inanyesha kila mahali. Jiji lilikuwa limemwagilia shamba moja, halafu mahindi yakiota linajisifu kwa ndoo yake.

Sisemi msamaha haukufanya chochote. Pengine Twitter wenyewe wangehama kweli. Nasema ni vigumu sana kujua, na anayekuahidi kwamba anajua, muulize amejuaje. Kuna mwanauchumi wa Marekani anaitwa Timothy Bartik ambaye amefanya kazi hii karibu maisha yake yote. Mwaka 2018 alipitia tafiti nyingi zilizokuwepo akakadiria kwamba misamaha ya namna hii hubadilisha uamuzi wa kampuni kati ya mara 2 na 25 katika kila 100. Zilizobaki, kampuni ingekuja au ingebaki au ingejipanua hata bila zawadi. Yaani mara nyingi unamlipa mtu nauli wakati tayari ameshapanda matatu.

Mfano mtamu kuliko wote ni Amazon. Septemba 2017 walitangaza kwamba wanatafuta jiji la makao makuu ya pili, kazi 50,000, na majiji yaje na ofa. Yakaja maombi 238. Manze, watu walijidhalilisha. Tucson, Arizona, walituma dungusi kakati la futi 21 kama zawadi. Amazon wakasema hawapokei zawadi, likaishia kwenye jumba la makumbusho. Kamji kamoja Georgia kanaitwa Stonecrest kalikuwa tayari kukata ekari 345 na kuziita mji wa Amazon. Newark na jimbo lake la New Jersey waliweka mezani misamaha ya hadi dola bilioni 7.

Novemba 2018 washindi wakatangazwa: eneo la Arlington huko Virginia, na jiji la New York. New York ilikuwa itoe kama dola bilioni 3 kwa kazi 25,000. Wakaazi na wanasiasa wa mtaa wa Queens wakawasha moto. Tarehe 14 Februari 2019, siku ya wapendanao, Amazon wakajitoa. Gavana alikasirika. Watu waliambiana kwamba New York imejichimbia kaburi. Halafu Desemba mwaka huo huo, Amazon wakakodi ofisi Manhattan kwa watu 1,500. Mwaka uliofuata wakanunua jengo zima la duka la zamani kule Fifth Avenue. Ile bilioni 3 hawakuwa nayo. Walienda kwa sababu wahandisi na wauza matangazo wanaowataka wanaishi New York.

Turudi Market Street, kwa sababu kuna kitu huwezi kukiona kwenye takwimu za ajira.

Hoja nzima ya kuchora ile ramani ilikuwa mtaa. Jiji lilisema kampuni zikija, wafanyakazi watatembea kwenye barabara, watanunua kahawa, watakula mchana, watanyolewa, na vibanda vilivyofungwa vitafunguka. Ni hesabu ya kila mtu aliyewahi kuuza chakula karibu na mjengo: mafundi mia wakiwa juu, mama wa githeri chini ana siku nzuri. Lakini Twitter walikuwa na jikoni lao ndani. Chakula cha bure, kizuri, kilichopikwa na wapishi hasa, asubuhi na mchana. Sasa wewe mfanyakazi, unashuka chini kununua mkate wa dola kumi kwa nini? Wakati madiwani wawili walipopendekeza mwaka 2018 kwamba ofisi mpya zisiruhusiwe kuwa na kantini za ndani, dunia iliwacheka. Mimi sikucheka. Pendekezo lilikuwa la kuchelewa na halikupita, lakini walikuwa wamegundua mahali pesa ilipokwama: ghorofani.

Kilichoshuka hadi barabarani ni kodi ya nyumba. Kwa Kiswahili chetu cha Kenya neno hili lina utani wake, kwa sababu ushuru ni wa serikali na kodi ni ya landilodi, na San Francisco ilipunguza cha kwanza halafu watu wakalipa cha pili. Kufikia 2015 nyumba ya chumba kimoja cha kulala iliyokuwa inatangazwa sokoni ilikuwa imepita dola 3,000 kwa mwezi. Si Twitter peke yake iliyosababisha. Jiji lilikuwa limekataa kujenga nyumba za kutosha kwa miongo mingi, na hilo ni kosa lao wenyewe. Lakini ukileta watu maelfu wenye mishahara minono mahali ambapo nyumba haziongezeki, mtu fulani atatoka, na hatakuwa mhandisi. Desemba 2013 waandamanaji walizuia basi la wafanyakazi wa Google katika mtaa wa Mission. Basi la watu. Hasira ilikuwa imefika hapo.

Na ile mikataba ya kusaidia mtaa? Ilikuwepo. Zendesk walituma wafanyakazi wao kujitolea, na walifanya hivyo kwa bidii kuliko wengi. Mwaka 2015 Twitter walifungua kituo karibu na ofisi, kinaitwa NeighborNest, ambapo familia zisizo na makao na zenye kipato kidogo zingeweza kujifunza kompyuta huku watoto wakiangaliwa. Ni kitu kizuri, sitakidharau. Lakini pima mizani. Upande mmoja msamaha ulioandikwa kwenye sheria, namba kamili, miaka kamili. Upande mwingine ahadi za kujitolea, ambazo kampuni ilikaa chini na jiji ikakubaliana nazo kila mwaka. Hakuna mahali sheria ilisema: ajirini watu kadhaa wa Tenderloin, kwa mshahara huu, mkishindwa mrudishe pesa. Jiji lilitoa pesa taslimu likapokea nia njema.

Kinachoniuma zaidi ni Novemba 2012. Miezi 19 tu baada ya kura ya Twitter, wananchi wa San Francisco walipiga kura kubadilisha ule ushuru wote. Ushuru wa mishahara ukaanza kuondolewa polepole kuanzia 2014, na mahali pake ukawekwa ushuru juu ya mauzo ya kampuni. Kila mtu. Mkahawa, duka la baiskeli, kampuni ya programu. Yaani dawa ya kweli ilikuwa inawezekana. Walirekebisha ushuru mbaya kwa wote, na hakuna aliyehitaji kutishia kuhamia Brisbane. Sasa jiulize ni kwa nini kampuni moja ilisikilizwa mwaka mmoja na nusu kabla ya jiji zima.

Msamaha uliisha Mei 2019. Kufikia hapo jiji lilikuwa limeacha kukusanya makumi ya mamilioni ya dola. Kwa jiji tajiri kama lile si pesa ya kufa mtu, lakini pia si ya kuokota. Ed Lee hakuuona mwisho wake. Alifariki ghafla Desemba 2017, akiwa bado ofisini.

Yaliyofuata mnayajua kwa sababu tuliyatazama pamoja, kila mtu na simu yake. Mei 2020, korona ikiwa imetufungia, Jack Dorsey aliwaambia wafanyakazi wa Twitter kwamba wanaotaka kufanyia kazi nyumbani milele wanaweza. Ofisi zikawa tupu. Aprili 2021 walitangaza makao yao ya Afrika, na sisi wakenya tuliojaza mtandao wao kila siku tukaona yanaenda Accra. Tulilalamika kama kawaida yetu. Oktoba 2022 Elon Musk akanunua kampuni kwa dola bilioni 44 na akaingia pale Market Street amebeba sinki mikononi, akicheka. Ndani ya wiki moja hivi karibu nusu ya wafanyakazi duniani walipigwa kalamu. Wale wa Accra walikuwa ndio kwanza wameingia ofisi yao mpya. Siku chache, unga ukamwagika. Nilikuwa nimewaonea wivu mwaka mzima.

Januari 2023 mwenye jengo aliishtaki kampuni kwamba haijalipa kodi. Whole Foods walikuwa wamefungua supamaketi kubwa mita mia chache kutoka hapo mwaka 2022. Aprili 2023 wakaifunga, wakisema usalama wa wafanyakazi. Julai 2023 jina likawa X, taa kubwa ikawekwa juu ya paa, majirani wakashindwa kulala, ikashushwa. Mwaka mmoja baadaye Musk akatangaza kwamba makao makuu yanahamia Texas, na Septemba 2024 ofisi ya Market Street ikafungwa. Nambari 1355 ikarudi kuwa jengo linalotafuta wapangaji, kama ilivyokuwa wakati fanicha iliisha.

Kabla binamu hajaniambia kwamba nachukia kazi: kuna waliofanya hii biashara kwa akili. Virginia walipokubaliana na Amazon, waliandika kwamba jimbo litalipa dola 22,000 kwa kila kazi kwa zile 25,000 za kwanza, na litalipa baada ya kazi kuonekana, tena wastani wa mshahara uwe dola 150,000 kwa mwaka. Kazi ikipatikana, hesabu inafanywa, pesa inatoka. Mwaka 2023 Amazon waliposimamisha sehemu ya pili ya ujenzi, Virginia walikuwa hawajalipia kazi za sehemu hiyo. Hawakuwa wajanja kuliko San Francisco. Walidai risiti tu.

Sasa nyumbani. Kwanza, yule bwana wa redio alikuwa anauza kitu ambacho hana. Kifungu cha 209 cha katiba yetu kinaiachia serikali ya kitaifa peke yake ushuru wa mapato. Gavana anaweza kukupunguzia leseni na ada za ardhi. Miaka kumi bila ushuru wa mapato hawezi.

Nairobi ya wakubwa inaweza, na imekuwa ikifanya hivyo tangu wengi wetu hatujazaliwa. Sheria ya EPZ ni ya 1990: kampuni inayouza nje inapewa miaka 10 bila ushuru wa mapato, halafu asilimia 25 kwa miaka 10 mingine. Mwaka 2015 ikaja sheria ya maeneo maalum ya kiuchumi, SEZ: asilimia 10 kwa miaka 10, halafu 15 kwa miaka 10 inayofuata, wakati kampuni ya kawaida inalipa 30. Konza tuliahidiwa kama jiji la teknolojia, ekari 5,000, na Kibaki akazindua ujenzi Januari 2013. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Mwalimu alituambia tutaenda kufanya kazi huko.

Na hapa lazima niseme ukweli ambao niliuficha hapo juu. Mama ya binamu yangu, anti yangu, alishona suruali miaka saba katika kiwanda kimoja cha Athi River kilichokuwa kwenye hiyo miaka ya bila ushuru. Ile digrii ya kompyuta ilianza na karo iliyotoka pale. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa unakuja. Halafu asubuhi moja walikuta tangazo limebandikwa getini na mlinzi hana la kuwaambia. Kwa hivyo binamu akisema "wapewe hata ishirini," hasemi kwa ujinga. Anajua zile kazi ni nini, pande zote mbili, kuliko mimi.

Nilirudi kwa shosho katikati ya wiki nikamsimulia binamu haya yote, sinki na dungusi na jikoni la Twitter. Alicheka kwenye dungusi. Akasema bado angechukua hiyo kazi ya Twitter hata kwa mwaka mmoja, na sina cha kumpinga. Anti alikuwa anachambua sukuma, nilidhani hasikilizi. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Na sisi tulipofungiwa, walikuwa wamebakisha miaka mingapi ya bure?"

Hakuna aliyejua. Nikaenda kusoma. Kifungu cha 210 cha katiba kinasema kila msamaha wa ushuru uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hazina imekuwa ikitoa ripoti ya misamaha tangu 2021, na jumla yake ni mamia ya mabilioni ya shilingi kwa mwaka, ingawa kipande kikubwa ni VAT, ambayo hata mimi na wewe tunaifaidi kwenye unga. Lakini jumla haimjibu anti. Yeye anauliza kuhusu geti moja.

Basi nimeandika barua. Nimeuliza mambo matatu kuhusu kile kiwanda: kilisamehewa kiasi gani, kiliahidi kazi ngapi, na kilifunga mwaka wa ngapi kati ya ile kumi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kunijibu. Leo ni siku ya tisa. Anti huniuliza kila jioni.